Tumbo linalokataa maziwa si tumbo gonjwa

Kila mwaka, kuanzia siku za mwisho za Mei hadi Juni 1, Tanzania huadhimisha Wiki ya Maziwa. Mkoa uliopewa zamu hupiga maturubai uwanjani, wasindikaji hupanga bidhaa zao mezani, watoto wa shule huletwa na sare zao, na mgeni rasmi hufungua pakiti mbele ya kamera, akanywa, akapigiwa makofi. Katika hotuba takwimu moja haikosi: mtu mmoja anatakiwa kunywa lita 200 za maziwa kwa mwaka, nasi hatujafika hata nusu. Baada ya hapo wananchi huhimizwa waache kasumba ya kuyaona maziwa kuwa ni ya watoto na wagonjwa.

Sina ugomvi na maziwa, wala na mfugaji wa Tukuyu au Njombe anayeamka alfajiri kukamua. Ugomvi wangu ni na jambo lisilosemwa chini ya maturubai hayo. Sehemu kubwa ya watu wazima wanaosikiliza hotuba, wakibugia nusu lita ya maziwa freshi kwa mkupuo, ndani ya saa mbili watakuwa wanatafuta choo. Wao wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana wanapiga makofi, wanapokea pakiti, halafu wanampelekea mtoto wa jirani.

Tumezoea kuwaita watu hawa wachaguzi wa chakula, wenye tumbo bovu au wenye maringo. Hawaumwi chochote. Mtu mzima asiyemudu sukari ya maziwa ana mwili wa kawaida wa binadamu, na nchi inayopanga lishe ya watu wake inapaswa kuanzia hapo, iache kuwakaripia.

Tuanze na tumbo lenyewe. Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi, na glasi ya robo lita ya maziwa ya ng'ombe inayo kiasi cha gramu 12. Laktosi ni sukari mbili ndogo, glukosi na galaktosi, zilizoshikamana, na utumbo hauwezi kuifyonza mpaka zitenganishwe. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachotengenezwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huzaliwa nacho tele, maana maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, takribani gramu 7 katika kila mililita 100. Akishaachishwa ziwa, mwili huanza kupunguza laktesi kidogo kidogo. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi duniani, na ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, mbuzi na paka: mnyama aliyekua hana kazi na kimeng'enya cha kunyonyea.

Laktesi ikiwa haba, laktosi hupita utumbo mwembamba bila kuguswa, na njiani huvuta maji. Ikifika utumbo mpana hukutana na bakteria wanaoishi humo siku zote, nao huichachusha na kutoa gesi. Maji yakizidi mtu huharisha. Gesi ikizidi tumbo hujaa, hunguruma na kunyonga. Mara nyingi mambo huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa. Hapo hakuna kidonda, hakuna mdudu wala sumu, na yakishapita utumbo unabaki mzima kama ulivyokuwa.

Hali hii isichanganywe na mzio wa maziwa, ambao wengi huuita aleji. Mzio ni kinga ya mwili kuzishambulia protini za maziwa. Kiasi kidogo tu kinaweza kuvimbisha midomo, kutoa vipele na kubana pumzi, na mtoto mdogo anaweza kupoteza maisha. Mwenye mzio asiyaguse maziwa kabisa. Mwenye upungufu wa laktesi hana katazo la namna hiyo. Swali lake ni kiasi gani, ya aina gani, na yameliwa pamoja na nini.

Watu hawa ni wangapi? Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba asilimia 68 ya watu duniani hawaimeng'enyi laktosi vizuri. Theluthi mbili ya binadamu! Wanaokunywa maziwa freshi utu uzima wao wote bila kusikia lolote ndio wachache, na wengi wao wana asili ya Ulaya ya kaskazini au ya jamii za wafugaji wa Afrika, Arabuni na Asia ya kusini.

Elimu hii haikutoka mbali. Mwaka 1966 madaktari wawili waliokuwa Kampala, G. C. Cook na S. K. Kajubi, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu upungufu wa laktesi katika makabila ya Uganda. Waliona kwamba Waganda, watu wa ndizi na mashamba, wengi wao walikuwa na upungufu huo, ilhali watu waliotoka katika jamii za wafugaji wa ng'ombe wengi wao hawakuwa nao. Zama hizo vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vilichukulia kwamba mtu mzima mwenye afya hunywa maziwa bila taabu, na anayeshindwa ana maradhi. Kampala ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo duniani palipoonyesha kwamba tofauti hiyo inafuata ukoo wa mtu, wala haihusiani na ugonjwa.

Miaka 40 baadaye timu iliyoongozwa na mwanasayansi wa Marekani Sarah Tishkoff, ikiwa na watafiti wa Afrika kama Thomas Nyambo wa Muhimbili, iliwafuata watu vijijini kwao. Walipima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Kipimo chenyewe hakikuwa cha ajabu: mtu alikunywa maji yaliyokorogwa laktosi, kisha akachomwa kidole kila baada ya muda ili sukari ya damu ipimwe. Ikipanda, laktesi ipo na imefanya kazi. Isipopanda, haipo. Baadaye walichunguza vinasaba vya watu hao.

Matokeo yalitoka mwaka 2007. Badiliko la vinasaba linalowawezesha watu wengi wa Tanzania na Kenya kunywa maziwa ukubwani ni tofauti na lile la Wazungu. Lilizuka lenyewe huku kwetu, kwa makadirio kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita, likaenea kwa kasi kubwa katika jamii za wafugaji. Kulikuwa pia na jambo la kushangaza: hata Wahadzabe wa bonde la Eyasi, wawindaji na warina asali wasiofuga, karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na uwezo huo.

Maana yake kwa mpangaji wa lishe ni nzito. Watu waliokulia katika nchi ya mbung'o, ambako ng'ombe hawakustawi, hawakuwa na sababu ya kubaki na laktesi ukubwani, wakati mfugaji wa tambarare ya jirani alikuwa nayo. Leo wajukuu wa pande zote mbili wanakaa darasa moja, kambi moja ya jeshi na ofisi moja, wanapewa glasi moja. Takwimu ya lita 200 haijui nani ni nani.

Hata hivyo, sehemu inayonivutia zaidi ni ile iliyofukuliwa ardhini. Katika ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu wa kale, watafiti wamekuta protini za maziwa. Huko Sudan zina umri wa kama miaka 6,000. Huko Lukenya, karibu na Nairobi, zaidi ya miaka 3,000. Kwa hiyo ukanda huu umetumia maziwa tangu enzi hizo. Lakini vinasaba vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania vilipochunguzwa katika utafiti uliotoka mwaka 2019, ni mtu mmoja tu aliyekutwa na lile badiliko la kumeng'enya laktosi. Alizikwa katika pango la Gishimangeda, upande wa ziwa Eyasi, kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Wafugaji wenzake walitumia maziwa kwa vizazi na vizazi wakiwa na matumbo kama ya Waganda wa Cook na Kajubi.

Ukoga wa meno hausemi maziwa hayo yalinywewa yakiwa freshi au yamegandishwa. Jibu linalosadikika zaidi ni lile ambalo bibi yeyote wa kifugaji angekupa bila maabara: waliyagandisha. Maziwa yakichachuka, bakteria hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa tindikali. Wale wanaobaki hai katika mtindi huingia tumboni na laktesi yao wenyewe, wakamsaidia mnywaji kazi ambayo mwili wake umeiacha. Mtindi ni mzito, hivyo unapita taratibu na kulipa tumbo nafasi. Samli nayo haina laktosi ya kutajika, kwa kuwa ni mafuta matupu, na jibini gumu lililokaa muda mrefu limebaki na chembe tu.

Tazama jinsi Wakalenjin wanavyotengeneza mursik. Kibuyu husuguliwa ndani kwa ufito wa mtende, kisha kaa la moto la mti wa senetwet huingizwa na kusagwa kwenye kuta za ndani mpaka zipakae weusi. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa humiminwa humo, kibuyu kikafungwa na kuachwa siku kadhaa mahali penye ubaridi. Kikifunguliwa kinatoa maziwa mazito yenye rangi ya kijivu na harufu ya moshi, na hayo ndiyo wanariadha wa Kenya wanayokinga mdomoni uwanja wa ndege wakirudi na medali. Kaa lile linazuia vijidudu vya uharibifu na kuleta ladha. Wamasai wana vibuyu vyao vinavyofukizwa kwa vijinga vya miti maalumu. Rwanda kuna ikivuguto, na Kigali ina vibanda vya maziwa ambapo mteja huingia akachagua: maziwa freshi ya moto au ya mgando yaliyopozwa. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Uhuru wa kuchagua wa kibanda cha Kigali ndio unaokosekana katika taasisi zetu. Tulipoanza kugawa maziwa kiserikali tuliiga mtindo wa Ulaya, wa pakiti ya maziwa freshi. Kenya iliona hilo kwa ukubwa wake wote: mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha maziwa ya Nyayo, na watoto wa shule za msingi wa miaka ile mpaka leo wanakumbuka pakiti za pembe tatu. Ulikuwa mpango mwema, na wapo waliokwenda shule kwa ajili ya pakiti ile. Walikuwapo pia waliouza yao kwa wenzao, na waliokunywa wakaomba ruhusa ya kutoka kabla kipindi hakijaisha. Hao hawakuingia katika ripoti yoyote.

Nyumbani hali ni ngumu kuliko shuleni, maana huko kuna heshima za watu. Kwetu chai ya rangi ni chai ya siku za kawaida. Mgeni akija, hasa mgeni mwenye hadhi, chai hutiwa maziwa, na kadiri mwenyeji anavyokupenda ndivyo maji yanavyopungua. Mpeleke kijana ukweni kwa mara ya kwanza, asubuhi mama mkwe amechemsha maziwa matupu na majani ya chai juu.

"Mkwe, mbona chai inapoa?"

"Nakunywa, mama."

"Kikombe kimoja tu? Au chai yetu haina utamu?"

Kijana anamaliza cha pili huku akihesabu umbali wa kituo cha mabasi. Angesema ukweli, angeonekana anadharau. Akinyamaza, safari ya saa 6 kwenye basi lisilo na choo itamfundisha adabu. Nimekuwa kijana huyo, na nimekutana na wengine wengi: makarani, askari, masheikh, mapadri. Kila mmoja ana mbinu zake. Yupo anayesema amefunga. Yupo anayejidai ana sukari. Yupo anayekunywa robo na kumiminia iliyobaki kwenye kikombe cha mwanawe.

Ukienda hospitali nako mara nyingi hupati jibu. Mtu anafika na malalamiko ya gesi na kuharisha kunakokuja na kuondoka, anaandikiwa choo kikubwa kipimwe, na hata majibu yakiwa safi anatoka na dawa za amiba. Mimi niliandikiwa hizo katika kituo kimoja cha afya bila kuulizwa nilikunywa nini jana yake. Kipimo maalumu cha upungufu wa laktesi kipo, cha kupima haidrojeni katika pumzi baada ya kunywa laktosi, lakini hospitali za kwetu zenye mashine hiyo ni za kutafuta kwa tochi. Hilo lisitukwamishe. Swali moja halina gharama: je, tumbo linakusumbua baada ya maziwa? Mgonjwa akiambiwa aache maziwa freshi kwa wiki mbili kisha ayarudie aone, watu wengi wangejua hali yao bila kununua kidonge hata kimoja.

Badala ya swali hilo tumebaki na maagizo ya mazoea, na mengi yanaelekeza kwenye glasi ileile. Mwenye vidonda vya tumbo huambiwa anywe maziwa yampoze. Yanampoza kweli, kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa tindikali zaidi. Tangu Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha, katika miaka ya 1980, kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, tiba yake ni dawa za kuua bakteria hao na kupunguza tindikali. Mgonjwa wa vidonda asiye na laktesi anayekunywa lita moja kwa siku anajiongezea ugonjwa wa pili.

Baya zaidi ni desturi ya kazini. Fundi wa kuchomelea vyuma, mpaka rangi, kibarua wa kubeba saruji, wote hupewa pakiti ya maziwa "kukata vumbi". Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi na moshi viko kwenye mapafu. Hakuna njia ya hayo mawili kukutana. Kinachomlinda fundi ni barakoa inayofaa na hewa inayopita, vitu ambavyo mwajiri hununua kwa bei kubwa kuliko pakiti. Kibarua ambaye maziwa yanamharisha huondoka na hasara mbili: mapafu hayajalindwa, na jioni tumbo halimpi usingizi.

Wapo watakaonijibu kwamba maneno kama haya ni hatari katika nchi ambayo, kwa takwimu za mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hoja hiyo ni ya haki na inastahili jibu kamili. Maziwa ni chakula bora: yana protini, kalisi na vitamini, na mtoto mdogo anayeyapata hukua vizuri. Watoto wengi wa umri huo bado wana laktesi ya kutosha, kwa sababu hupungua polepole, na dalili mara nyingi huonekana wakishakua au katika ujana. Kwa hiyo mzazi asimnyime mtoto maziwa kwa sababu tumbo la mzazi halielewani nayo.

Maziwa ya mama ndiyo yasiguswe kabisa. Mtoto anayezaliwa bila laktesi ni nadra mno duniani. Mtoto mchanga anayelia kwa tumbo hapaswi kuachishwa ziwa kwa ushauri wa jirani. Hata akiharisha, aendelee kunyonya na apelekwe kituo cha afya. Kuharisha kukali kunaweza kuchubua ukuta wa utumbo na kupunguza laktesi kwa muda. Utumbo ukipona nayo hurudi.

Hoja yangu inahusu watu wazima na vijana, na wala siwaambii waache maziwa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilihitimisha mwaka 2010 kwamba wengi wasiomeng'enya laktosi wanaweza kuchukua mpaka gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila dalili au kwa dalili ndogo. Hiyo ni glasi moja, na hasa ikinywewa pamoja na chakula. Ukigawa siku nzima unaweza kufika mbali zaidi. Tatizo linakuja kwenye jagi la asubuhi juu ya tumbo tupu, na kwenye hamasa ya "kunywa zaidi".

Ndiyo maana sielewi kwa nini kampeni zetu zinaogopa kusema. Mfugaji hapotezi kitu mteja akijua ukweli. Anapoteza mteja asiyejua, anayekunywa mara moja, akaumwa, akaapa kutorudia maisha yake yote. Mtu huyohuyo angeambiwa mapema kwamba mtindi unaweza kumfaa, angekuwa mnunuzi wa kila wiki. Mtindi unatokana na maziwa ya mfugaji yuleyule.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yasiyohitaji bajeti mpya. Shule zinazogawa maziwa zigawe pia mtindi, na mwalimu ajue kwamba mtoto anayekataa freshi huenda ana sababu. Bodi ya Maziwa na wizara zinazohusika ziweke sentensi moja katika kila bango: maziwa freshi yakikusumbua tumbo, anza na kiasi kidogo au tumia mtindi. Vyuo vya uuguzi na utabibu vifundishe swali la maziwa kwa kila mgonjwa wa gesi na kuharisha kwa muda mrefu. Wasindikaji waandike kwenye pakiti ya mtindi kama umeongezwa maziwa ya unga, maana unga huo una laktosi nyingi, na kama bakteria wake bado wako hai au umepashwa moto wakafa. Mnunuzi anayelipia mtindi kwa ajili ya tumbo lake ana haki ya kujua.

Kwa msomaji ambaye tangu mwanzo anajitambua katika mistari hii, kuna mambo ya kuweka sawa. Kuchemsha maziwa hakuondoi laktosi, wala tangawizi haiiondoi, ingawa kuchemsha ni lazima kwa sababu ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Chemsha, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia kijiko cha mtindi wa jana kama mbegu, funika. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia hayakuokoi. Laktosi yake haiko mbali na ya ng'ombe. Maziwa yaliyotolewa laktosi huuzwa katika supermaketi kubwa za mijini, ila bei yake si ya kila mfuko. Nayo ni matamu kidogo kuliko ya kawaida kwa kuwa sukari yake imeshatenganishwa. Tui la nazi, lililoipa pwani utamu wa vyakula vyake bila ng'ombe, halina laktosi hata kidogo, lakini usilitegemee kwa kalisi. Kalisi itafute kwenye dagaa wanaoliwa na miiba yao, kwenye ufuta, kwenye uji wa wimbi na kwenye mboga za majani.

Pia usijitibu kwa kila tumbo. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, ukipata homa, au ukiamshwa usiku na kuharisha, hilo si la laktosi. Nenda hospitali, na ukifika mweleze daktari unachokula na unachokunywa hata kama hakuuliza.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Kumkirimu mgeni ni kumpa kinachomfaa, na ustaarabu wetu haujawahi kudai aondoke akiumwa. Uliza kabla ya kumimina: ya maziwa au ya rangi? Ukijibiwa ya rangi, ipokee kama jibu la mtu anayejua mwili wake, usiongeze neno. Nawe mgeni, acha kusingizia sukari na saumu. Sema tu kwamba maziwa freshi hayakupendi, na kama kuna mtindi utaushukuru.